Mabawa Mawili, Kipimo Kimoja

Mwaka 1931 wahandisi wa kampuni ya de Havilland, Uingereza, walikuwa wakimhangaikia mtu mmoja: mwalimu wa urubani. Katika ndege za mafunzo zilizotokana na DH.60 Moth, mwalimu alikaa kiti cha mbele, chini ya bawa la juu, amezungukwa na nguzo na waya. Hatari ikitokea angani, mwanafunzi wa kiti cha nyuma aliweza kujirusha na parachuti yake, lakini mwalimu alibaki akihangaika kujichomoa. Wakalisogeza bawa la juu mbele ili pawe na uwazi juu ya kiti chake. Kulisogeza bawa mbele, hata hivyo, ni kuisogeza mbele nguvu inayoinua ndege, na hapo mizani ya ndege nzima huharibika. Basi wakayalaza mabawa nyuma kidogo, ncha zikarudi kule zilikotakiwa. Kwa kuwa ndege hiyo husimama mkia ukiwa chini, ncha zilizolala nyuma zikawa karibu mno na ardhi, hivyo bawa la chini likainuliwa zaidi kuelekea nchani. Ndege iliyotokana na marekebisho hayo ni DH.82 Tiger Moth, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, na baadaye zikaundwa zaidi ya 8,000.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina elimu yote ya ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Ndani yake hakuna kiungo kinachosogea peke yake. Ukigusa bawa la juu umegusa mizani, ukigusa mizani umegusa mkia, ukigusa mkia umegusa namna ndege itakavyotua. Anayejenga modeli ya Tiger Moth ya kurushwa kwa rimoti hurithi mlolongo huo wote, naye hana karakana ya kiwanda wala kikosi cha wahandisi. Ana meza, mchoro, mbao na jioni zake. Ufundi huo naustahi kuliko hata urushaji wenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzuri wake imo katika vipimo ambavyo mtazamaji hatavijua kamwe. Watu uwanjani husifu rangi na mlio wa mota. Ndege yenyewe hutii milimita 3 zilizorekebishwa mezani kabla gundi haijakauka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ukoo huu wa ndege si mgeni. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth moja, ndege ya mbao na kitambaa yenye mabawa mawili. Uwanja wa Wilson una jina lake hadi leo. Denys Finch Hatton naye alikuwa na Gipsy Moth yake, na ndiyo aliyokufa nayo Voi mwaka 1931, miezi michache tu kabla Tiger Moth haijapaa. Kwa hiyo modeli hii ikijengwa Nairobi au Dar es Salaam, inajengwa katika nchi ambazo anga lake lilikwisha kuijua sura hiyo.

Mjenzi makini huanza na hesabu ya ukubwa. Tiger Moth halisi ina upana wa mita 8.94 toka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 7.29. Ukiijenga kwa kipimo cha robo, upana unakuwa karibu mita 2.24 na urefu mita 1.82. Hapo kuna jambo linalowashangaza wengi. Urefu ukigawanywa kwa 4, eneo la mabawa hugawanyika kwa 16, na ujazo kwa 64. Ndege halisi ikiwa imesheheni ina kilo 828, na kila mita ya mraba ya mabawa yake hubeba takriban kilo 37. Modeli ya robo ina mabawa yenye eneo la karibu mita za mraba 1.4. Ikiwa na kilo 8, kila mita ya mraba hubeba kilo zisizofika 6. Ndiyo maana modeli nzuri huelea hewani kwa upole, na ndiyo maana pia upepo ambao ndege kubwa isingeujali huweza kuirusha huku na huku. Kuna hesabu nyingine inayofurahisha: ili modeli ya robo ionekane angani ikienda sawasawa na ndege halisi, mwendo wake hauna budi kuwa nusu ya ule wa kweli, wala si robo. Mrushaji anayelijua hilo hatumii nguvu zote za mota. Anaiacha ndege itembee kwa heshima yake.

Mbao kuu ya kazi hii ni balsa, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Ecuador. Mti wake hukua upesi na huvunwa baada ya miaka michache. Mita moja ya ujazo ya balsa nyepesi huwa na kilo 100 tu, na ile nzito hufikia 200 au zaidi. Kwa wastani uzito wake ni kama robo ya mninga. Lakini balsa mbili zilizolala pamoja dukani hazifanani, na hapa ndipo mjenzi mzuri hujipambanua mapema. Hupima kila ubao kwenye mizani ndogo, huuinamisha kidogo kwa vidole kusikia ukakamavu wake, kisha huandika gramu kwa penseli pembeni. Mbao nzito na ngumu huzitenga kwa ajili ya pua na boriti za bawa. Zile nyepesi huzitunza kwa mkia. Sababu ya ubahili huo wa mkiani nitaieleza tukifika kwenye mizani.

Baada ya kuchagua huja mbavu. Bawa la Tiger Moth lina upana uleule kutoka kwenye shina hadi karibu na ncha, ambako huviringika. Katika modeli ya robo upana huo, toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, ni kama sentimita 33. Kwa kuwa mbavu nyingi zinafanana, mjenzi hukata violezo viwili vya plaiwudi ngumu, hupanga vipande vya balsa katikati yake, hutoboa kwa kekee na kuvibana kwa boliti ndefu. Kisha hufuata na randa ndogo, na mwisho msasa uliogandishwa kwenye kibao kilichonyooka. Bonge la mbao lililokuwa na kingo za hovyo hubadilika polepole likawa umbo moja la bawa, mgongo umepanda kwa ulaini na tumbo limenyooka. Kabla ya kulifungua, fundi hupitisha msumeno mwembamba mahali pa boriti, kwa mpito mmoja kwa mbavu zote. Boliti zikilegezwa, mbavu husambaa mezani, na ukiziweka moja juu ya nyingine huoni hata unywele wa tofauti. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye mikono ya kazi ngumu akizipanga mbavu hizo mara ya pili na ya tatu bila sababu yoyote ila raha ya kuziona zikilingana. Raha hiyo naijua, na sioni utoto ndani yake.

Bawa hujengwa juu ya mchoro uliotandazwa kwenye ubao ulionyooka kabisa na kufunikwa karatasi ya nailoni ili gundi isishike. Boriti ya chini hubanwa kwa pini, mbavu husimamishwa juu yake moja moja kwa skwea, boriti ya juu hufuata, halafu vibao vya kuziba nafasi kati ya boriti hizo mbili, nyuzi za mbao zikiwa wima. Vibao hivyo ni vyepesi na havionekani bawa likishavikwa, ila ndivyo vinavyozuia boriti kukunjamana ndege ikivutwa juu kwa nguvu. Chini ya ukingo wa nyuma, karibu na ncha, wajenzi wengi huingiza kipande chembamba cha mbao ili ncha ijengwe ikiwa imepinda kidogo, ukingo wa nyuma ukipanda. Kwa upana wa sentimita 33, mpindo wa digrii 2 ni kama milimita 11 na nusu. Faida yake ni kwamba ndege ikipungukiwa mwendo, shina la bawa huacha kuinua kabla ya ncha, na ndege huinamisha pua badala ya kuangukia ubavu. Samaki mkunje angali mbichi: mpindo huu huwekwa wakati gundi ingali mbichi, na lazima ulingane kulia na kushoto. Bawa moja likipinda digrii 2 na jingine 1, ndege itakuwa na tabia ya kuelemea upande mmoja maisha yake yote.

Kiwiliwili sitakaa nacho sana. Ni sanduku refu la fito na plaiwudi, na kanuni yake ni moja: pande mbili zijengwe moja juu ya nyingine ili ziwe pacha, kisha ziunganishwe huku uzi umevutwa katikati ya mchoro toka pua hadi mkia. Kitu kinachostahili kutazamwa kwa makini ni ukuta wa mbele unaoshika mota. Rafadha za modeli kwa kawaida huzungukia kulia ukitazama toka kiti cha rubani, na mzunguko huo huivuta ndege kushoto inapokimbia chini na inapopanda. Kwa hiyo mota huelekezwa digrii 2 hivi kulia, na kidogo chini, ili nguvu ikiongezwa pua isipande yenyewe. Injini ya Gipsy Major ya Tiger Moth halisi, yenye nguvu za farasi 130, huzungusha upande wa pili, hivyo ndege kubwa huvutwa kulia. Anayenakili kila kitu kwenye picha bila kuuliza sababu angeelekeza mota upande usiofaa.

Kitambaa huja baada ya msasa wa mwisho. Zamani kilikuwa kitani au hariri iliyopakwa rangi maalumu ya kukaza. Siku hizi vipo vitambaa vyenye gundi upande mmoja, vinavyoshikishwa na kukazwa kwa pasi ndogo. Mjenzi huanza kushikisha kingo, kisha hupasha katikati taratibu, na mikunjo hujificha mbele ya macho. Kitambaa kilichokazwa sawasawa kikigongwa kwa kidole hulia kama ngoma. Ila kukaza huko ni nguvu, na nguvu hupinda. Ukimaliza juu ya bawa kabla hujagusa chini, bawa jepesi huweza kujikunja. Ndiyo maana mafundi hupasha juu kidogo, chini kidogo, wakirudi kila mara kulilaza bawa kwenye ubao, kile kipande chembamba kikiwa chini ya ncha, na kuchungulia kama kona zote nne zinagusa.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ile inayoitenga modeli hii na ndege ya bawa moja: kuyafunga mabawa mawili yawe kitu kimoja. Kiwiliwili huwekwa juu ya meza na kubanwa kisitikisike, timazi ikining'inia nyuma na pima maji likilala juu ya ubao wa mkia. Kwanza hufungwa bawa la chini. Uzi hufungwa kwenye pini iliyochomekwa katikati ya nguzo ya usukani, kule mkiani, ukavutwa hadi alama kwenye ncha ya kulia, kisha ukapelekwa ncha ya kushoto. Urefu usipolingana, bawa limekaa mshazari. Fundi hulegeza, husogeza kidogo mno, hukaza, hupima tena. Halafu husimama hatua kadhaa mbele ya ndege, huinama hadi jicho lake liwe usawa wa bawa, na kutazama kama ubao wa mkia unaambaa nalo sawasawa. Jicho la mtu likizoezwa huona kasoro ambayo rula huikosa.

Bawa la juu hushikwa na nguzo fupi za katikati, na nje zaidi na nguzo ndefu zinazoungana na bawa la chini. Kila nguzo ina urefu wake, na urefu huo ndio unaoamua pembe ya bawa dhidi ya hewa. Kwa upana wa sentimita 33, digrii 1 ni tofauti ya takriban milimita 6 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, na nusu digrii ni milimita 3. Tofauti ya nusu digrii kati ya kulia na kushoto huonekana angani waziwazi. Kwa hiyo kipima pembe huvikwa kwenye ubavu wa bawa la juu kulia, kikasomwa, kikahamishiwa kushoto, kisha chini kulia, kisha chini kushoto. Namba nne huandikwa daftarini, zikalinganishwa na mchoro. Hapo ndipo uhusiano wa mabawa mawili unapopangwa. Bawa la juu liko mbele zaidi, na likipangwa liwe la kwanza kuacha kuinua mwendo ukipungua, pua hushuka yenyewe na ndege hujipatia mwendo tena. Likichelewa, hali huwa kinyume, na hakuna vidole vyepesi vya kwenye rimoti vinavyoweza kulifidia kosa hilo kila mara.

Kisha waya. Katika ndege ya aina hii zipo waya za kuzuia mabawa yasipande yanapobeba ndege angani, na waya za kuyazuia yasishuke ndege ikigonga ardhi. Zikipishana kati ya nguzo hufanya misalaba, na misalaba hiyo ndiyo hugeuza fito nyembamba kuwa sanduku lisilopinda. Katika modeli nyingi waya ni za pambo. Katika zile ninazozipenda zinafanya kazi kweli: ni kamba nyembamba za chuma zenye skrubu ndogo za kukazia kila mwisho. Hukazwa kwa jozi, kulia kisha kushoto, robo mzunguko kwa wakati, na baada ya kila duru kipima pembe hurudishwa bawani. Ukikaza waya moja hadi mwisho kabla ya nyingine, unaweza kuliharibu kwa dakika chache bawa lililojengwa kwa wiki nyingi. Waya iliyokazwa vizuri haina ulegevu na haina ukali. Inashika tu. Nikiona mtu anarudia duru hiyo jioni nzima bila kunung'unika, najua ndege yake itakwenda moja kwa moja.

Mizani ndiyo jambo la kufa na kupona. Kila ndege ina mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika, na mahali hapo pakikaa nyuma mno, ndege haitawaliki. Kwa ndege ya bawa moja, mjenzi hupima asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa mabawa mawili yaliyopishana na kulala nyuma, lazima kwanza atafute bawa la wastani. Mabawa yakiwa na eneo sawa, ukingo wa mbele wa bawa hilo la kufikirika hukaa nusu ya njia kati ya ukingo wa bawa la juu na ule wa bawa la chini, ukipimwa nusu ya njia kutoka shina hadi ncha ya kila bawa, kwa sababu mlalo wa nyuma huyabadilisha mambo kuelekea nchani. Kutoka hapo, kwa upana wa sentimita 33, kitovu cha uzito kitakuwa sentimita 8 hadi 10 nyuma.

Tatizo ni kwamba ndege hizi zina pua fupi na mkia mrefu. Tuseme mkia uko sentimita 120 nyuma ya kitovu, na mahali pa kuwekea uzito mbele ni sentimita 40 tu. Kila gramu 10 za ziada mkiani zitadai gramu 30 za risasi puani. Ndiyo sababu ya ule ubahili wa mbao tuliouona mwanzoni, ya kuchagua bawaba ndogo za eleveta, kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, na kupaka rangi nyembamba kwenye usukani. Mjenzi mwenye busara huweka betri mbele kabisa, husogeza sevo za mkia, yaani vimota vinavyosukuma eleveta na usukani, ziwe karibu na kiti cha rubani badala ya mkiani, na hufikiria risasi mwishoni kabisa. Na hapimi mizani kwa kukisia ndege ikiwa tupu. Huipima ikiwa na kila kitu kitakachoruka nayo, hadi yule rubani wa sanamu mwenye miwani.

Upande wa redio una historia yake. Mapacha Walter na William Good, wa Kalamazoo, Michigan, walirusha modeli yao iliyoitwa Guff kwa redio mwaka 1937, wakiwa miongoni mwa waliofungua njia, na ndege hiyo imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Kwa miongo mingi baada yao, rimoti mbili zilizotumia masafa mamoja ziligombana angani, na viwanjani watu walipokezana vibanio vya kuonyesha nani anatumia masafa gani. Rimoti za leo za gigahezi 2.4 hujitambulisha zenyewe kwa vipokezi vyake, na usumbufu huo umepungua sana. Ila urahisi wa redio haukuondoa kazi ya mikono inayoanzia pale sevo inapoishia.

Sevo huwashwa kwanza, ikaachwa itulie katikati, ndipo mkono wake ufungwe ukiwa mraba na fimbo ya kusukuma. Fimbo huchomekwa tundu la ndani kwenye sevo na tundu la nje kwenye pembe ya usukani, ili sevo iwe na nguvu na ulegevu wowote upungue kabla ya kufika mwisho. Wakati wa kazi hii rafadha huondolewa, kwa kuwa mota ya umeme haitoi onyo kabla ya kuzunguka. Eleveta na usukani katika Tiger Moth halisi huvutwa kwa kamba pande mbili, na modeli inaweza kuiga hivyo hivyo. Ni kazi safi na nyepesi kwa mkia.

Kuhusu eleroni, vibao vya bawani vinavyoinamisha ndege upande, pana somo ambalo ndege hii hulifundisha kuliko nyingine. Tiger Moth ina eleroni kwenye bawa la chini pekee. Eleroni inayoshuka huongeza kuinua na pia huongeza kuvuta nyuma, kwa hiyo unapoinamisha ndege kulia, pua huelekea kushoto. De Havilland walipunguza tabia hiyo kwa kupanga eleroni inayopanda ipande sana, na inayoshuka ishuke kidogo tu. Mjenzi hupata tofauti hiyo kwa kuupachika mkono wa sevo mshazari, au kuiandika katika rimoti. Hata hivyo dawa kamili ni mrushaji kutumia usukani pamoja na eleroni katika kila kona. Ndege nyingi za kisasa za modeli humsamehe asiyefanya hivyo. Hii humfundisha.

Siku ya kwanza ya kuruka haina budi kuwa ya upepo mdogo, mahali palipo wazi, mbali na watu na njia za ndege. Kwanza hupimwa umbali wa redio nguvu ikiwa imepunguzwa, kama mtengenezaji alivyoelekeza, kisha huthibitishwa kwamba mawasiliano yakikatika mota itazimika. Ndege huelekezwa upepo unakotoka. Eleveta huvutwa kidogo ili mkia ubaki chini na gurudumu la nyuma lishike njia, nguvu huongezwa polepole, na vidole hukaa tayari kwenye usukani kwa ule mvuto wa kushoto. Mkia hupanda, kasi hukua, na modeli iliyopangwa vizuri huacha ardhi bila kuvutwa. Ikiwa juu vya kutosha, mrushaji hupunguza nguvu hadi ndege iache kuinua, atazame kama inainamisha pua moja kwa moja au inaangukia ubavu. Jibu hilo ni ripoti ya vile vipimo vinne vya daftarini. Wakati wa kutua hakati nguvu ghafla. Nguzo na waya zote hizo hukwaruza hewa, na ndege ya mabawa mawili hupoteza mwendo upesi mota ikizimwa. Huishusha kwa nguvu kidogo hadi magurudumu yakaribie kugusa.

Ningependa vyuo vyetu vya ufundi viutazame ufundi huu kwa makini. Kazi moja ya Tiger Moth ya robo huleta mezani hesabu ya pembe, mizani ya nguvu, uchaguzi wa mbao, gundi, umeme, redio na usalama, na hakuna hata kimoja kinachoweza kurukwa, kwa sababu angani kasoro hujitangaza. Balsa ikiwa ghali, mbavu za plaiwudi nyembamba zilizotobolewa hufaa kwa modeli ndogo ya mafunzo. Mwalimu akumbuke tu kwamba Kenya na Tanzania zina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA. Kibali kitafutwe kabla ya siku ya kurusha.

Nawe msomaji, ukimkuta mjenzi wa ndege hizi, usianze kwa kumuuliza inakwenda kasi gani au iligharimu kiasi gani. Mwombe akuonyeshe daftari lake la vipimo. Humo ndimo ndege yake ilimoruka kwanza.